India siku 14 kwa mara ya kwanza: Delhi–Agra–Jaipur, Mumbai–Goa, au Kerala?

MwanaChumbageni (Tanga)
Habari zenu ndugu zangu. Tunapanga likizo ya kwanza India, watu watatu: mimi, mume wangu na mama mkwe wa miaka 66 ambaye magoti yake na ngazi hayapatani. Siku 14 tangu kuondoka Dar hadi kurudi. Njia zinazonizungusha kichwa ni tatu:

A. Kaskazini: Delhi, Agra, Jaipur
B. Magharibi: Mumbai kisha Goa
C. Kusini, jimbo la Kerala: Kochi, Munnar, Alappuzha

Desemba shule zikifungwa ndiyo nafasi nzuri, ila Februari nayo yawezekana. Mngechagua ipi, na je, mbili zaweza kuunganishwa?

Barabara_ya_Kumi (Ngamiani)
Dada, ichukue kwanza ramani. India ni zaidi ya mara tatu ya Tanzania kwa eneo. Delhi hadi Kochi ni saa tatu angani, na kwa treni ni kama siku mbili. A na C pamoja ndani ya siku 14 ni kulipia likizo ya kukaa viwanja vya ndege. A na kipande cha Mumbai inawezekana, nitaeleza.

Kura yangu ni A, na sababu ni sisi wenyewe tulivyo. Mtu aliyekulia Raskazone, au anayeweza kwenda Ushongo Jumamosi na kurudi Jumapili, hana haja ya kupanda ndege kwenda kutazama minazi na mchanga Goa. Munnar ni milima ya chai. Nzuri, lakini ukishapanda Amani au Lushoto umeshaona nusu yake. Kitu ambacho pwani hatuna hata chembe ni Taj Mahal, ngome ya Agra, ngome ya Amber pale nje ya Jaipur, na Msikiti wa Ijumaa wa Delhi uliokamilika 1656. Vyote hivyo viko kwenye pembetatu moja: Delhi–Agra kilomita 200 na kitu, Agra–Jaipur kama 240, Jaipur–Delhi kama 280.

KaoleMagofu (Bagamoyo)
Napingana na Maalim wa Ngamiani hapo kwenye mwezi. Kaskazini, kuanzia nusu ya pili ya Desemba hadi katikati ya Januari, kuna ukungu mzito. Treni huchelewa saa nne, sita, hata kumi, na ndege za asubuhi Delhi huahirishwa. Unaweza kufika Taj Mahal alfajiri usione hata kuba. Na baridi: usiku Delhi hushuka hadi nyuzi 7 au 8, na hoteli za bei ya kati nyingi hazina hita. Mama wa miaka 66 kutoka Tanga ataumia.

Kerala Desemba ni nyuzi 23 hadi 32, mvua zimekwisha, na magoti yatapumzika. Hapa hesabu yenu ya pepo inasaidia: kusi hili linalotupiga sisi ndilo likivuka ikweta hugeuka na kuwa mvua za masika za India. Hufika Kerala karibu na tarehe 1 Juni na Mumbai siku kumi hivi baadaye. Kwa hiyo Juni hadi Septemba ziacheni B na C kabisa.

Kwenye mashua za kulala za Alappuzha, ulizeni mambo mawili kabla ya kulipa. Kwanza saa: safari ya "siku moja" huanza adhuhuri na kumalizika saa tatu asubuhi inayofuata, na mashua hutia nanga jua likizama ili wavuvi watandaze nyavu zao. Ukweli ni kwamba mnatembea majini saa tano au sita tu. Pili kiyoyozi: nyingi hukiwasha saa tatu usiku na kukizima saa kumi na mbili asubuhi, mchana mzima hakuna. Wasiotaka gharama hiyo wapande feri ya umma ya Alappuzha–Kottayam. Ni kama saa mbili na nusu kupitia mifereji ileile kwa nauli ya rupia chache, mkikaa na wanafunzi na wachuuzi.

Barabara_ya_Kumi (Ngamiani)
Ukungu ni kweli, sibishi. Lakini wiki mbili za mwanzo za Desemba mara nyingi huwa salama, na shule zikishafungwa mnaweza kuondoka mara moja. Novemba ndiyo naiogopa zaidi: moshi wa mabua yanayochomwa mashambani hukaa juu ya Delhi, kifua cha mtu mzima hakiupendi. Februari hali ya hewa ni tamu kuliko miezi yote, ila tazama kalenda: mwaka 2027 Ramadhani inaangukia Februari na mwanzo wa Machi.

Mpangilio wa kuunganisha Mumbai ni huu. Air Tanzania huruka Dar–Mumbai moja kwa moja, kama saa sita (kagua siku za wiki kabla ya kupanga chochote). Mumbai usiku mbili, ndege ya ndani hadi Delhi usiku nne, treni hadi Agra usiku mbili, gari hadi Jaipur usiku nne, kisha ndege ya Jaipur–Mumbai na usiku mmoja wa akiba kabla ya kurudi. Ule usiku wa akiba msiukate hata mkishawishiwa na bei. Ndege ya ndani ikichelewa na tiketi zikiwa mbalimbali, shirika la kimataifa halina deni lolote kwenu.

Jaipur nimeiwekea nne kwa sababu ya Ajmer, kilomita 135 hivi, saa mbili kwa treni. Kaburi la Khwaja Muinuddin Chishti, walii wa Kisufi, liko pale. Kwenda na kurudi siku hiyohiyo inatosha. Mabegi makubwa na kamera viacheni hotelini, vichwa vifunikwe, na mkifuatwa na watu wenye daftari la michango jueni hamlazimiki.

MamaMakorora (Tanga)
Makaratasi, kwa mfuatano:

Pasipoti iwe na miezi sita mbele na kurasa mbili tupu. Viza ya utalii huombwa mtandaoni, na tovuti halisi inaishia na .gov.in. Zinazofanana nayo ni za madalali, hutoza mara mbili au tatu. Viza ya siku 30 inaombwa ndani ya siku 30 kabla ya kufika, si miezi mitatu kabla, na isiachiwe chini ya siku nne. Picha iwe ya mraba, nyuma kweupe, bila kivuli. Ukurasa wa pasipoti uwe PDF isiyozidi kilobaiti 300. Hapo ndipo maombi mengi hukwama, kwa sababu simu za siku hizi hutoa faili kubwa.

Majina yaandikwe jinsi pasipoti ilivyoyagawa, la ukoo peke yake na mengine peke yake, hata kama kitambulisho cha taifa kinasoma tofauti. Fomu itauliza mahali alipozaliwa baba na mama. Mama mkwe aulizwe mapema, asikurupushwe. Itataka pia mtu wa kumrejea India: wekeni jina, anwani na simu ya hoteli ya kwanza. Anayekwenda kutibiwa ana viza yake nyingine, msichanganye.

Homa ya manjano: mkipita Nairobi au Addis Ababa, kadi ya chanjo ni lazima, maana Kenya na Ethiopia zimo kwenye orodha ya India. Chanjo huanza kuhesabiwa baada ya siku 10 tangu kuchomwa, na tangu 2016 hudumu maisha. Asiye na kadi halali anaweza kuwekwa karantini hadi siku sita. Hata mkienda moja kwa moja chukueni, kwani ndege hubadilishwa. Kwa umri wa zaidi ya 60 chanjo hii huhitaji daktari kupima kwanza hatari zake, kwa hiyo mama asipelekwe dirishani tu. Aonane na daktari, hospitali ya Bombo au anakotibiwa siku zote.

Na tangu Oktoba 2025 kuna kadi ya kuwasili inayojazwa mtandaoni ndani ya saa 72 kabla ya kufika. Ni bure.

FundiReli_Pongwe
Treni ndizo zinazowashinda wageni, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Tiketi hufunguliwa siku 60 kabla. Njia ya Delhi–Agra hujaa haraka. Madaraja ya kujua: CC ni viti vyenye kiyoyozi, kwa safari za mchana. 3A ni vitanda vitatu kwenda juu, 2A viwili, 1A chumba chenye mlango wake. SL ni vitanda bila kiyoyozi, madirisha wazi, na mara nyingi wanaokaa ni wengi kuliko vitanda. Kwa mama: CC mchana, 2A usiku. Mkiandika umri wake, mfumo humtafutia kitanda cha chini, kwani wanawake wa miaka 45 na zaidi hupewa kipaumbele hicho. Mabehewa mengi yana vyoo vya kuchuchumaa na vya kukaa. Mwonyesheni cha kukaa kiko upande upi kabla treni haijaondoka.

Sasa herufi za kwenye tiketi. CNF ni nafasi kamili. RAC ni haki ya kupanda na kukaa, kitanda mnagawana hadi mtu akose kuja. WL ni foleni ya kusubiri, na ikibaki WL hadi orodha ya mwisho kutoka, tiketi ya mtandaoni hujifuta na fedha kurudi. Msipande nayo mkidhani mtaongea na kondakta. Kuna pia Tatkal, nafasi za dharura zinazofunguliwa siku moja kabla, saa nne asubuhi ya India kwa mabehewa ya kiyoyozi. Huisha kwa dakika.

Kuhusu saa: wao wako mbele yetu kwa saa mbili na nusu, na tiketi huandikwa kwa saa 24. 06:00 ni saa kumi na mbili alfajiri. Hatari kubwa ni treni za baada ya saa sita usiku. Iliyoandikwa 00:15 tarehe 14 inaondoka usiku wa kuamkia 14, yaani mnatoka hotelini tarehe 13. Watu hufika stesheni siku nzima baada ya treni kuondoka.

Delhi–Agra: Gatimaan Express hutoka stesheni ya Hazrat Nizamuddin, SI New Delhi, saa mbili na dakika kumi asubuhi, na hufika Agra Cantt kwa dakika 100. Ijumaa haiendi, kwa sababu Ijumaa Taj Mahal hufungwa kwa wageni. Basi usiku zenu mbili za Agra zisiikumbatie Ijumaa. Kingilio kwa mgeni kimekuwa rupia 1,100, na 200 zaidi kuingia kaburini kwenyewe. Tiketi hudumu saa tatu. Magari huishia mbali na lango na mnamalizia kwa vigari vya umeme. Chakula, viberiti na tumbaku vinatolewa mlangoni. Jukwaa la kaburi lina ngazi. Mama akiona vigumu, bustani na mfereji vinampa mandhari yote, ile 200 yake msiilipe.

Mtu akiwafuata New Delhi stesheni akasema treni imefutwa au ofisi ya wageni imehama, endeleeni kutembea. Ofisi ya tiketi za wageni iko ghorofa ya kwanza ndani ya jengo la stesheni, na anayekupeleka nje ya jengo anakupeleka dukani kwake.

MwanaChumbageni (Tanga)
Ahsanteni sana, nimeandika yote. Tunaelekea A na Mumbai, Desemba mwanzoni. Shehe wa Kaole, usininunie, Kerala itangoja. Maswali mawili: Mumbai usiku mbili tuone nini kisichokuwa na ngazi? Na fedha tubebeje?

KaoleMagofu (Bagamoyo)
Sinuni, ilimradi mama apate sweta mbili na soksi nzito.

Mumbai: lango la Gateway of India la 1924 liko tambarare kando ya bahari, na stesheni ya Chhatrapati Shivaji Maharaj ya 1888 inatazamwa vizuri zaidi taa zikiwashwa. Haji Ali ni msikiti na kaburi baharini, mnafika kwa njia ya mawe ambayo maji yakijaa hufunikwa. Watu wa pwani msikubali kuaibishwa na bamvua: kagueni saa za kupwa. Mapango ya Elephanta muyaache. Ni saa moja ya feri kisha ngazi zaidi ya mia, na Jumatatu hufungwa. Treni za mjini msizikaribie saa mbili hadi tano asubuhi wala saa kumi na moja jioni hadi saa tatu usiku.

Hoteli: kabla ya kulipa ulizeni kama wanapokea wageni wa nje. Kila mgeni lazima asajiliwe polisi ndani ya saa 24, na nyumba ndogo zisizo na utaratibu huo hukataa watu mlangoni usiku.

Bandarini_Tanga
Fedha: shilingi haibadilishwi kule. Bebeni dola safi kwa theluthi moja hivi, zilizobaki kwenye kadi mbili za benki tofauti, na mwambieni mhudumu wa benki azifungulie matumizi ya nje. Mashine nyingi hutoa rupia 10,000 kwa mara moja na makato ni ya kila mara. Noti ya rupia 2,000 iliondolewa kwenye mzunguko 2023, mkipewa na mtu wa mtaani kataeni.

Mizigo: tiketi ya kimataifa inaweza kuwaruhusu mabegi mawili ya kilo 23, ndege za ndani kwa kawaida ni kilo 15 na 7 za mkononi. Pimeni kwa hiyo ya pili. Mlango wa uwanja wa ndege India haupiti bila kuonyesha tiketi na pasipoti, kwa hiyo tiketi iwe imechapishwa, kwani intaneti ya uwanjani huomba namba ya uthibitisho kwa simu. Laini ya Tanzania iacheni hewani kwa ajili ya ujumbe wa benki tu. Laini ya India inataka nakala ya pasipoti, viza na picha, na inaweza kuchukua saa kadhaa kuwaka.

Plagi zetu za miguu ya mraba haziingii kwenye soketi zao za matundu ya duara, nunueni adapta mbili kabla ya kuondoka. Dawa za presha za mama zikae mkobani pamoja na cheti cha daktari, za siku 20, si 14.