Kubaki kihambani, kushuka Chekereni au kwenda Dar: kijana wa Kibosho afuate njia ipi?

Mkibosho_wa_Juu: Wakuu, salaam. Mdogo wangu amemaliza kidato cha nne, na kwetu yeye ni wa katikati. Kihamba cha mzee, yaani shamba la ukoo la migomba na kahawa kuzunguka nyumba, hakifiki ekari moja. Kaka mkubwa alishamegewa sehemu yake, na nyumba ya wazee pamoja na migomba inayoizunguka ni ya kitinda mimba, ndiyo mila. Huyu hana hata pa kuchimba shimo la mgomba. Ana njia tatu: abaki akodi vishamba vya watu, ashuke Chekereni, tambarare chini ya mlima Kilimanjaro, alime mpunga, au aende Dar kwa mjomba mwenye duka Manzese. Tulinganishe kwa hesabu jamani. Mambo ya kusema vijana wanakimbia jembe tuyaache.

Mama_Uru: Mwanangu, kubaki kuna gharama ambayo aliyeko mjini haioni: majani ya ng'ombe. Huku kwetu ng'ombe yuko zizini mwaka mzima, na majani mengi yanatoka tambarare. Ama unapanda mlima na mzigo kichwani, ama unalipia pikapu. Bila ng'ombe hakuna samadi, na bila samadi migomba inadhoofu. Sasa mwenye kukodi akimwaga samadi kwenye ardhi ya mtu, mwaka unaofuata mwenyewe anaona shamba limenawiri, anasema nalitaka. Nimeliona hilo kwa jirani kabisa.

Mibuni: Nakubaliana na mama. Kahawa ndiyo iliyowaweka wazee wetu mlimani. Walikuwa na KNCU, chama chao cha ushirika wa kahawa, tangu 1933, na ada za shule zilitoka kwenye magunia. Mkataba wa kimataifa uliogawia kila nchi kiasi cha kahawa ya kuuza ulipovunjika 1989, bei ikaporomoka. Dawa ya chulebuni, ugonjwa unaoozesha matunda ya kahawa, ikawa ghali kuliko kahawa yenyewe, na wengi waling'oa mibuni. Miche ya TaCRI, taasisi ya utafiti wa kahawa pale Lyamungo, inastahimili chulebuni na kutu ya majani, tatizo ni kwamba mbuni unasubiriwa miaka kabla ya kuvuna vya maana. Parachichi nazo vivyo hivyo. Nani atapanda mti wa kudumu kwenye ardhi ya kukodi? Kwa hiyo kubaki ni kwa mwenye kihamba chake.

Takwimu_Moshi: Sensa inasema hivyo hivyo. Mkoa wa Kilimanjaro ulikuwa na watu 1,640,087 mwaka 2012, na 1,861,934 mwaka 2022. Ni ongezeko la asilimia 13 na ushei, wakati nchi nzima iliongezeka kwa asilimia 37. Watoto wanazaliwa huku, wanahesabiwa kwingine.

Duka_Manzese: Mimi niko Dar, biashara ya rejareja. Faida ya Dar ni kwamba ana wa kumpokea. Asiye na ndugu, kodi ya chumba ya miezi kadhaa inamaliza mtaji kabla hajauza kitu. Ila wakae na mjomba wapatane mshahara kabla hajapanda basi. Ndugu wengi wanalipwa chakula na ahadi ya "nitakufungulia duka lako", miaka inakatika, na kudai kwa mjomba ni aibu. Wakipatana vizuri, atajua bei za Kariakoo na kukopesha wateja kwa akili, na hilo hakuna chuo kinachofundisha.

Mpunga_Chekereni: Karibuni chini. Jaruba la kukodi, yaani kipande cha shamba la mpunga, unavuna msimu huo huo, kwa hiyo kwa asiye na ardhi hili ndilo linalofaa kuliko kukodi mlimani. Lakini aulize jaruba liko wapi kwenye mfereji. Maji ni ya zamu, na huko juu ya mto nako watu wanalima mpunga. Kiangazi kikikaza, walio mkiani mwa mfereji wanaangalia mpunga ukikauka ukiwa umeshachanua. Bora alipe zaidi apate karibu na kichwa cha mfereji. Na aje na chandarua, malaria ya huku haina huruma na mtu aliyekulia kwenye baridi ya Kibosho.

Mkibosho_wa_Juu: Asanteni sana, shikamoo mama. Wazo la kukodi mlimani nimelifuta kabisa. Nitamsaidia apate jaruba msimu mmoja, na mjomba nitamwuliza kuhusu mshahara leo hii kwa simu, waziwazi. @Mpunga_Chekereni, makubaliano ya jaruba huwa mnaandikishana kwa mwenyekiti wa kijiji au kwa viongozi wa skimu ya umwagiliaji?