UZI WA MALALAMIKO: Nafasi ya kujifunza uwakili inayodai uzoefu wa miaka 2, mnamtafuta nani?

Wakuu, salaam. Uzi huu unawahusu mawakili wenye ofisi, kuanzia Posta na Upanga hadi Mikocheni na Masaki. Waombaji nao wasome mpaka chini, maana yapo yanayowahusu.

Tangazo linasema "nafasi ya mafunzo kwa mhitimu wa sheria". Ukishuka kwenye sifa unakuta awe na shahada ya sheria, awe amemaliza Law School (mafunzo ya vitendo baada ya shahada, kabla ya kuapishwa uwakili), awe ameshaapishwa, awe na leseni ya uwakili ya mwaka huu, na awe na uzoefu wa kusimamia mashauri usiopungua miaka 2. Posho, "maelewano". Huyo mnayemtaka ni wakili kamili na anastahili kulipwa kama wakili. Tangazeni basi kazi ya wakili, na mshahara wake muuweke wazi. Neno "mafunzo" limewekwa pale ili kushusha malipo, na kila aliyemo kwenye fani anajua hivyo.

Kinachokera zaidi ni hiki. Oktoba 2022 matokeo ya Law School yalitoka: watahiniwa 633, waliofaulu 26, waliotakiwa kurudia baadhi ya masomo 342, waliodisko, yaani walioondolewa masomoni, 265. Nchi ilitikisika. Waziri wa Katiba na Sheria wa wakati ule, Dk. Damas Ndumbaro, akaunda kamati chini ya Dk. Harrison Mwakyembe. Lawama zikaenda kwa vyuo, kwa walimu na kwa vijana wenyewe. Ofisi za mawakili nani alizigusa? Kuandaa hati ya madai hakumalizikii darasani. Mtu anajua kazi hiyo baada ya rasimu yake kurudishwa imejaa wino mwekundu, akaandika upya, ikarudishwa tena, mpaka siku inapita kwenye mfumo wa Mahakama bila masijala kuikataa. Hilo linafanyika ofisini, mbele ya wakili mwenye subira. Sasa mnafunga mlango huo, halafu mnasimama kwenye makongamano kulalamika kwamba wahitimu hawajui kuandika.

La pili ni kimya. Mtu anapanda mwendokasi kutoka Kimara mpaka Kivukoni, anapanda lifti na bahasha, mapokezi anaambiwa "iache hapo, watakupigia". Barua haiandikwi kwenye kitabu chochote. Jibu la mistari miwili kwamba nafasi zimejaa linaweza kuandaliwa mara moja likatumwa kwa waombaji wote. Hamtumi. Mtu anaacha kuomba kwingine akidhani bado anafikiriwa, kumbe bahasha haijafunguliwa.

Na ndani ya bahasha hizo mmedai nini? Nakala ya kitambulisho cha NIDA, cheti cha kuzaliwa, vyeti vya kidato cha nne na cha sita, vyote vikiwa na mhuri wa wakili ambao mwombaji ameulipia. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika 1 Mei 2023. Inamtaka anayekusanya taarifa za mtu amweleze anazikusanya kwa lengo gani, na asizitumie nje ya lengo hilo. Ninyi ndio mnaowashauri benki na makampuni ya simu kuhusu sheria hiyo. Basi anzeni na boksi lililo chini ya meza yenu ya mapokezi. Hatua ya kwanza haihitaji kitambulisho cha mtu. Barua, wasifu na transkripti vinatosha, vingine aje navyo akiitwa kwenye usaili.

Koneksheni zipo na zitaendelea kuwepo. Ila kama nafasi mmeshampa mtoto wa rafiki, msitoe tangazo. Mnawagharimu watu nauli na mihuri.

Sasa waombaji. Hasira ni haki yenu, lakini barua iliyokaliwa kimya na ofisi kumi haitapokelewa na ya kumi na moja kwa sababu tu mmevumilia. Kwanza jiulizeni mnakwama wapi. Kama hamjawahi kuitwa hata mara moja, tatizo liko kwenye barua au kwenye muda. Kama mnaitwa kwenye jaribio la maandishi na mnaishia hapo, barua yenu iko sawa, msiiguse, kaeni na uandishi wa nyaraka.

Barua inayoanza "Kwa yeyote anayehusika" na kusema mwombaji anaipenda sheria tangu utotoni haisomwi hadi mwisho. Ofisi inayoshughulika na kodi inapokea barua ya mtu anayetaka mashauri ya jinai, na hapo hapo inawekwa pembeni. Ingieni TanzLII, tovuti ya hukumu na sheria za Tanzania, ni bure. Tafuteni majina ya mawakili wa ofisi hiyo kwenye hukumu za miaka miwili iliyopita, kwa sababu mawakili hutajwa ndani ya hukumu. Mtaona kama wako zaidi kwenye ardhi, kazi, benki au mirathi. Aya ya pili ya barua iseme wazi umeona wanafanya mashauri ya aina gani na wewe unaweza kuwasaidia nini kuanzia wiki ya kwanza: utafiti wa hukumu, kupanga vielelezo, kufuatilia upekuzi wa ardhi, kuandaa maombi ya usajili wa kampuni BRELA. Sifa za kuisifu ofisi acheni, hazisaidii.

Muda nao unaua maombi mengi. Likizo ya Mahakama Kuu ni kuanzia 15 Desemba hadi 31 Januari, wakubwa wengi hawapo, na mwishoni mwake wanaingia kwenye Wiki ya Sheria. Kuanzia Julai hadi Septemba ofisi zimejaa wanafunzi wa vyuo walioko fildi, viti vyenyewe havitoshi. Pelekeni kati ya katikati ya Februari na Mei, au Oktoba mpaka Novemba. Mkipeleka kwa mkono, chapeni nakala mbili, moja igongwe mhuri wa kupokelewa wenye tarehe, muulize na jina la aliyepokea. Baada ya siku 10 za kazi pigeni simu mkitaja tarehe ile na jina lile. Anayeuliza "niliacha barua hapo" hujibiwa "subiri". Anayetaja tarehe na aliyepokea huwa anatafutiwa bahasha yake.

Kwa barua pepe, faili liwe moja la PDF, barua mbele, wasifu usiozidi kurasa 2, kisha transkripti. Picha za vyeti zilizopigwa usiku kwa simu, kivuli cha mkono kikiwa juu ya jina, zinakuondoa kabla hujasomwa. Jambo jingine linalowaponza wengi bila wao kujua ni kuandika kwenye wasifu kwamba "niliandaa mikataba ya wateja kwa malipo" wakati hujaapishwa. Sheria ya Mawakili, Sura 341, inamkataza asiye wakili kuandaa hati za kisheria kwa malipo. Umekiri kosa kwenye karatasi na umelisaini. Andika ulisaidia kuandaa rasimu chini ya usimamizi wa wakili, kama ndivyo ilivyokuwa.

Serikalini ni habari nyingine. Nafasi za Afisa Sheria na nyingi za aina hiyo hupita Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, kwenye Ajira Portal, na huko watu huangushwa na karatasi kabla ya sheria. Barua haijasainiwa. Barua imeelekezwa kwa mkurugenzi wa taasisi badala ya Katibu wa Sekretarieti. Wadhamini ni wawili badala ya watatu. Imewekwa hati ya matokeo ya muda badala ya cheti, na tangazo limeandika wazi kwamba haikubaliki. Jina la cheti cha kuzaliwa halilingani na la kidato cha nne, na mtu anangoja mpaka siku ya usaili ndipo aanze kukimbizana na hati ya kubadili jina. Hati hiyo ishughulikieni leo. Ukienguliwa, ingia kwenye akaunti yako uangalie sababu, rekebisha hiyohiyo, omba tena.

Jaribio la maandishi ndiko wengi wanakoanguka, na hapa ofisi ziko sahihi kuwa kali. Swali la kawaida ni andaa kiapo cha kuunga mkono maombi. Mtu anajaza hoja za kisheria, anaomba mahakama imhurumie, anaweka maoni yake, wakati kiapo ni cha ukweli wa mambo tu. Kifungu cha uthibitisho hakisemi aya zipi anazijua mwenyewe na zipi ameambiwa, wala ameambiwa na nani. Chini kabisa, sehemu ya kamishna wa viapo, hakuna mahali wala tarehe ya kuapa, na haielezi kama mwapaji anafahamika kwa kamishna au ametambulishwa na mtu mwingine. Pingamizi la awali moja la upande wa pili kuhusu kasoro hiyo linaweza kuondoa maombi yote mahakamani, na mteja ameshalipa. Andikeni kiapo kimoja kila wiki kwa tukio tofauti, mpaka sehemu ya chini muijue bila kuangalia popote.

Swali la pili linalopenda kutokea: mteja aliachishwa kazi 3 Machi, amekuja ofisini 20 Aprili, afanyweje? Wengi hurukia kueleza haki za mfanyakazi kurasa tatu. Mtahini anataka uone kwanza kwamba siku 30 za kupeleka mgogoro wa kuachishwa kazi CMA (Tume ya Usuluhishi na Uamuzi) zimepita, kwa hiyo fomu namba 1 haitoshi peke yake, lazima iambatane na namba 2 ya kuomba kuongezewa muda. Kisha uone kwamba kila siku ya kuchelewa inatakiwa kuelezwa, na utaje vigezo vya kuongezewa muda vilivyowekwa kwenye kesi ya Lyamuya, Maombi ya Madai Na. 2 ya 2010. Mwenye kuyaona hayo kwa nusu ukurasa anawazidi waliojaza karatasi nzima. Na mkitaja sheria, tumieni Toleo la 2023 la sheria za nchi, lililoanza kutumika 1 Julai 2025. Anayenukuu toleo la 2002 anaonesha alinakili kwa mtu.

Kiswahili pia. Tangu marekebisho ya 2021, lugha ya mahakama ni Kiswahili, lakini majaribio mengi ya ofisi bado ni Kiingereza kitupu. Hilo ni kosa la ofisi, na kwa mwombaji ni nafasi. Pelekeni sampuli mbili, moja ya kila lugha. Kuna mawakili wenye miaka mingi kazini wanaohangaika kuandika hati ya dharura (ya kuomba shauri lisikilizwe haraka) kwa Kiswahili kinachosomeka.

Kwenye usaili, ukiulizwa kuhusu sapu (masomo ya kurudia), taja masomo, taja lini unarudia, nyamaza. Wanaokataliwa hapo ni wale wanaoanza kulaumu wasahihishaji.

Narudi kwenu wenye ofisi. Tangazo la mafunzo liwe na mambo haya: idadi ya nafasi, muda wa mafunzo, kiasi cha posho kwa shilingi, jina la wakili atakayesimamia, na tarehe ambayo kila aliyeomba atakuwa amejibiwa. Posho isiwe chini ya nauli na chakula cha mchana, kwa sababu rasimu ya huyo kijana mnamtoza mteja kwa bei ya wakili. Na mnapomwambia mtu hapana baada ya jaribio, mwandikieni sababu moja tu, hata kama ni "sehemu ya chini ya kiapo chako ina kasoro". Hiyo anaweza kuirekebisha.

Mwenye barua, kiapo au jibu la jaribio lililokataliwa aweke hapa chini tulipitie. Futeni kwanza majina ya wateja, namba za mashauri na za NIDA.