Mnamwaga kifusi Bonde la Msimbazi, maji yanahamia majumbani kwetu!

Wakuu, nimevumilia vya kutosha.

Nakaa Kigogo, Dar es Salaam, juu kidogo ya bonde. Tangu mwaka jana kuna kampuni inashusha kifusi kando ya mto. Fuso zinapishana hadi saa tisa usiku: udongo mwekundu, vigae vilivyovunjika, nondo zilizopinda. Wameinua eneo lao kimo cha mtu mzima, wakazungushia mabati na kubandika picha ya ghorofa lenye bustani, eti dakika kumi tu kufika Kariakoo.

Mafuriko ya Desemba 2011, yale yaliyoua watu na wengine wakahamishiwa Mabwepande, kwangu maji yaliishia kwenye ngazi. Masika ya mwaka huu yamefika kwenye swichi za ukutani! Mama yangu ana miaka 71, tulimtoa mgongoni huku kakumbatia Msahafu wake. Mstari wa tope nimeupaka rangi mara mbili, unarudi.

Mto huu unashusha maji kutoka vilima vya Pugu. Ukiuziba upande mmoja unakula upande wa pili, hilo hata watoto wa huku wanalijua. Si mnaona Jangwani mvua ikikolea barabara inafungwa na mabasi ya mwendokasi yanasimama?

Sheria ya Mazingira ya 2004 inataka mita 60 kutoka kingo za mto. Nimepima na fundi kwa tepu, ukuta wao uko mita 23. Watu wa bondeni walipigwa X nyekundu wakabomolewa Desemba 2015 kwa sheria hiyohiyo, wengine wakiwa na vichanga. Hawa X yao iko wapi? Ofisini nimeenda mara nne. Mara lete barua ya mwenyekiti wa mtaa, nimeleta, mara mhusika yuko safarini.

Ujenzi siupingi. Watu wamechoka kuamka saa kumi alfajiri Chanika kuwahi kazi mjini, na huku ni karibu na kila kitu. Lakini ghorofa zijengwe huku juu, kwenye nyumba zetu za kupanga zilizochoka. Kaeni na wenye nyumba muelewane, sisi tuko tayari. Bondeni acheni maji yapite.

Mwenye kujua namna ya kupata zuio la mahakama kabla ya vuli anisaidie. Jana usiku nimehesabu fuso kumi na moja.