Tupeane uzoefu: picha ipi ya mnyama inabaki, ipi inafutwa?

Mpiga Vumbi (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni. Leo siku ya nne niko mbele ya laptopu. Februari nilikaa Ndutu, mpakani mwa Serengeti na Ngorongoro, siku sita, nyumbu wanazaa, nikarudi na picha 11,400. Diski ya nje ya tera 2 imebakiza GB 38. Mama watoto kaniuliza kama kuna mtihani najiandalia.

Mpaka sasa nimefuta 600. Mia sita tu, na karibu zote ni zile zisizo na ubishi: makalio ya swala anayetoka kwenye fremu, ukingo wa dirisha la gari, goti langu mwenyewe, fokasi iliyoenda kwenye nyasi. Nilipokwama ni kwa duma mmoja jike aliyekaa juu ya kichuguu asubuhi. Nimempiga picha 912. Kamera ilikuwa kwenye mfululizo, picha kumi kwa sekunde, na kidole kilikataa kunyanyuka. Sasa nikiziweka mbilimbili, hii sikio la kushoto limegeuka, ile halijageuka. Nikitaka kufuta moja, moyo unasema ngoja kwanza. Jana nimemaliza saa mbili kwenye masikio ya duma.

Tupeane uzoefu. Kigezo chako ni kipi? Umewahi kufuta ukajuta? Tafadhali msije na "nunua diski nyingine", hiyo dawa nimeshainywa mara mbili.

Suka wa Kaskazini

Mkuu pole. Mimi si mpiga picha, ni dereva muongoza watalii, huu mwaka wa 14. Ila kwenye kile kioo cha kati nimeona mengi.

Kuna mgeni nilikuwa naye Seronera, katikati ya Serengeti. Tulimpata chui juu ya mvungunya, amelala, miguu minne inaning'inia kama nguo kwenye kamba. Mgeni akamkandamiza picha kama 300 za kulala. Kadi ikajaa. Badala ya kuweka nyingine akainamisha kichwa, akaanza kufuta mojamoja kwenye kioo cha kamera. Nikamwambia mkia umeanza kucheza. Akanijibu dakika moja. Chui akasimama, akajinyoosha, akateremka kichwa chini, akavuka barabara mbele ya bampa letu, hata mita tatu hazikufika. Mgeni alipoinua uso kulikuwa na nyasi zinatikisika tu. Akaniambia nirudi nyuma. Nirudi nyuma wapi?

Toka siku hiyo kila mgeni mwenye lenzi ndefu namuuliza kabla hatujatoka lodji: una kadi ngapi? Kufuta ni kazi ya usiku. Tena kile kioo cha nyuma kwenye jua la saa sita kinadanganya. Picha iliyocheza utaiona kali, na iliyo kali utaiona nyeusi uifute.

Mama Kambu

Suka kasema kweli tupu. Mimi napiga picha za kuuza, nyingi zinaenda kwenye kuta za hoteli na kwenye kalenda. Nitakupa utaratibu wangu, uuchukue au uuache.

Siku ninayorudi porini sifuti kitu. Nanakili kadi sehemu mbili, naenda kuoga, nalala. Nakaa walau wiki, kwa sababu ukiwa bado na vumbi masikioni unaipenda picha kwa jinsi ulivyoteseka kuipata. Ulivyovizia saa nne na mkojo umekubana, mtazamaji haioni hiyo. Anaona ndege mwenye kichwa kimejificha nyuma ya tawi.

Nikianza, duru ya kwanza inakwenda mbio, sekunde moja au mbili kwa picha, na swali ni moja tu: jicho. Natumia Lightroom, programu ya kupanga picha, kidole kimoja kiko kwenye P, ya kubakiza, kingine kwenye X, ya kufuta. Jicho halijashika fokasi, X. Jicho limefumba, X. Sivuti picha karibu mpaka asilimia mia isipokuwa nikiwa na shaka, maana ukianza kuvuta kila moja utazeeka hapo. Duru ya pili naziangalia ndogondogo zikiwa nyingi kwenye skrini, kama stempu. Picha yenye umbo inajitokeza hata ikiwa ndogo hivyo. Yenye pembe za mnyama wa nyuma zinazoota kichwani kwa wa mbele, nayo inajitokeza, lakini kwa aibu. Kwenye duru ya tatu nalinganisha zinazofanana, na hapo duma wako 912 wanakuwa 10.

Sasa nikuharibie utaratibu huohuo. Agosti moja nilikuwa Kogatende, nyumbu wanavuka Mto Mara. Nilisahau shata ya kamera iko 1/15 ya sekunde, polepole mno, nilikuwa nimetoka kujaribu picha za twiga anayekimbia. Mvuko mzima ukatoka kama rangi iliyomwagika, povu na migongo, hakuna jicho hata moja. Nikaweka X zote, kama 200. Binti yangu akapita nyuma yangu akasema, mama, hiyo ya tatu usiifute. Ndiyo picha niliyoiuza mara nyingi kuliko zote nilizowahi kupiga. Kwa hiyo kanuni ya jicho naifuata, ila siku hizi kabla ya kumwaga kapu namwita yule mtoto.

Madoa

Naomba kuwaonya kidogo. Nyie mnafuta kwa uzuri. Mimi nimefanya kazi za uwandani kwenye utafiti, na kwetu picha nzuri ni ile inayomtaja mnyama ni nani.

Twiga akizaliwa na mabaka yake, hayabadilishi mpangilio ukubwani. Mpangilio wake ni wake mpaka anakufa. Kwa hiyo tunataka ubavu mzima, upande uleule kila mara, mwanga usiunguze mabaka. Machweo ya dhahabu na kivuli cha shingo hayanisaidii. Ukija na picha ya twiga amesimama kama yuko gwarideni, boksi kabisa, haina mvuto, hiyo mimi nitaikumbatia. Simba tunamsoma kwa vidoa vya kwenye masharubu, tembo kwa mipasuko ya masikio. Fikiria mtu amefuta picha ya tembo kwa sababu sikio limechanika "linaharibu". Huyo kafuta kitambulisho.

Na kwenye kamera mitego, zile zinazojipiga zenyewe kitu kikipita mbele, ndiyo utachoka. Mradi mmoja wa Serengeti ulioanza 2010 ulitandaza kamera 225 kwenye eneo la kilomita za mraba 1,125. Katika miaka ya mwanzo zilipatikana seti za picha milioni 1.2. Zenye mnyama zilikuwa 322,653. Zilizobaki ni nyasi, maana jua likichoma na upepo ukizichezesha, kitambuzi kinashtuka kinapiga. Na hazikutupwa. Picha tupu inakuambia kamera ilikuwa hai saa hiyo na hakuna aliyepita. Ukiifuta, kesho hujui kama simba hakupita au betri ilikufa.

Mtoto wa Kilindoni

Madoa umenigusa. Mimi niko Mafia, tunapeleka wageni kuogelea na potwe, yule papa mkubwa mwenye madoa, msimu wake mkubwa kuanzia Oktoba mpaka Februari hivi. Kila mgeni anataka ile ya mdomo wazi anakuja usoni. Akipata ambayo imechukua ubavu tu, maji yana ukungu wa vijidudu anavyokula potwe, anaifuta palepale kwenye boti.

Sasa potwe anatambuliwa kwa madoa ya nyuma ya matamvua, ubavu wa kushoto. Hesabu zinazotumika kulinganisha madoa hayo zimetokana na zile za watu wa anga za kulinganisha makundi ya nyota. Nikiwaambia wageni hivyo wanacheka wanadhani nawauzia hadithi. Siku hizi kabla boti haijafika ufukweni napita na sahani ya maembe nawaomba, jamani, za ubavu msifute, nitumieni mimi. Embe linasaidia.

Jirani wa Mara

Salamu kutoka Nairobi. Nina story moja, si ya fokasi.

Kule Maasai Mara sheria inasema magari matano kwa mnyama. Siku hiyo tulikuwa zaidi ya ishirini, na sisi tukiwemo. Duma alikuwa anamnyemelea swala tomi, na kila akiinama gari linasogea kumkinga njia ili watu wapate uso. Alijaribu mara tatu akashindwa, kisha akalala kwenye kivuli cha gari moja. Nilipata picha kali sana: anaangalia juu, macho kama kaharabu, kila unywele uko wazi. Kiufundi ndiyo best yangu ya mwaka huo.

Nilikaa nayo miezi miwili. Kila mtu aliyeiona alisema iweke kwenye shindano. Mimi nikiiangalia naona kile kivuli alicholalia kina umbo la tairi. Nikaifuta, na nakala yake nikafuta.

Mama Kambu

Jirani, mimi nisingefuta. Ningeiweka pamoja na ile pana inayoonyesha magari yote. Umefuta ushahidi, na duma hakushiba kwa sababu hiyo.

Jirani wa Mara

Ile pana sikuipiga, Mama. Nilikuwa nimebana lenzi usoni kwake kama wenzangu. Hapo ndipo inaponiuma.

Jembe la Mkono

Mimi natumia simu. Zote zinaenda status. Saa 24 zikipita zimejifuta zenyewe. Karibuni.

Suka wa Kaskazini

Hahaha, Jembe, nakuheshimu. Ila kwa upande wa simu kuna jambo la kuongezea. Faru. Simu nyingi zinaandika ndani ya picha mahali ulipokuwa, kwa namba za ramani. Unampiga picha faru pale kreta ya Ngorongoro, unarusha faili zima mtandaoni, mtu mwenye nia mbaya ana saa na mahali. Nina mgeni aliyefuta picha zake zote za faru kwa woga baada ya kumwambia hivyo. Haikuwa lazima, angezima alama ya mahali au angeiondoa kabla ya kurusha. Hata maelezo ya picha andika "Tanzania kaskazini", inatosha. Nami nikiwa na wageni, jina la bonde silitaji redioni.

Mdiria

Nimesoma kimyakimya, naunga tela. Miaka sita iliyopita nilifuta folda nzima ya Mikumi, ndege wadogo wa kawaida tu, kiraruraru, chiriku, tetere, shomoro, nikasema hawa nitawakuta kila siku. Folda iliyobaki ina simba na simba na simba. Mwaka jana mwanangu kapewa kazi ya shule, ndege kumi wanaopatikana jirani na kwenu. Baba mtu mwenye lenzi ya milimita 600 nikaenda kumpiga shomoro kwa simu dirishani. Akatoka amecheza.

Mpiga Vumbi (mleta uzi)

Wakuu, nimerudi, na nina aibu kidogo.

Nimefuata duru za Mama Kambu. Juzi duma 912 walishuka wakawa 40, jana usiku 14, moyo ukatulia. Nikamwita mama watoto aje anisaidie kuchagua moja ya sebuleni. Ameangalia kama dakika mbili, hana haraka, ameshika kikombe. Akauliza, hawa wadogo wana siku ngapi?

Wadogo gani?

Akaweka kidole kwenye skrini. Nyuma ya kichuguu, upande wa kulia, kwenye nyasi zenye ukungu wa lenzi, kuna vitu viwili vya kijivu nilivyovichukulia ni mawe. Nimekaa na duma huyu siku sita nikiyapima masikio yake, na pembeni kuna masikio mengine manne. Sasa katika zile 14 wako hivyohivyo, ukungu mtupu, kwa sababu nimechagua zenye jicho la mama.

Halafu nikakumbuka. Kwenye zile 600 za mwanzo mlikuwa na kipande cha picha kama 30 za kichuguu hichohicho, fokasi ilimkosa mama ikaenda kushika nyasi za nyuma. Nilizifuta za kwanza kabisa, bila hata kufikiri.

Kapu la taka sijalimwaga bado. Naona namba hapo: 600. Mama watoto amevuta kiti.