Naomba ushauri: fluoksetini kwa mgonjwa anayetumia aspirini

Habari za kazi, ndugu. Nawauliza mlio kwenye vituo vya afya vya daraja la nne na hospitali za wilaya hapa Uganda.

Sonona huweza kuzifanya chembe sahani (chembe za damu zinazoigandisha) ziwe nyepesi kugandana, jambo baya kwa mwenye ugonjwa wa moyo. Fluoksetini, dawa ya sonona, huziba njia ambayo chembe hizo huitumia kuvuta serotonini, kemikali inayozisaidia kugandana, kutoka kwenye damu. Kwa kuwa haziwezi kuitengeneza zenyewe, baada ya wiki chache akiba huwa karibu kwisha. Kwa moyo huenda ni nafuu. Kwa tumbo lenye vidonda ni hatari ya kutoka damu, hasa mgonjwa akijinunulia ibuprofeni, dawa ya maumivu, dukani. Hesabu ya damu haisaidii: chembe zitasomeka 250,000 kwa mikrolita, sawasawa kabisa, ilhali utendaji umepungua. Ndiyo maana ni lazima kuuliza dalili za kutoka damu: choo cheusi, fizi na hedhi.

Sasa, mtu wa miaka 65 mwenye aspirini ya miligramu 75 na fluoksetini ya 20, mnamwanzishia omeprazoli ya 20, ya kupunguza asidi ya tumbo, kabla ya chai ya asubuhi moja kwa moja, au mnangoja dalili? Akiwa kwenye klopidogreli, dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda, je, maana omeprazoli na fluoksetini zote huipunguza nguvu?

Na kabla ya upasuaji? Kuisimamisha fluoksetini siku tatu ni bure, hukaa mwilini kwa wiki kadhaa. Kama dawa mbadala ya sonona, amitriptilini siitaki kwa moyo uliokwisha kuumia. Mirtazapini, mbadala mwingine, mnaipata wapi nje ya Kampala?