Fereti wangu hataki nyama mbichi kabisa, nimhamishe vipi kutoka kwenye punje?

MtotoWaTanga

Wakuu habari za saa hizi. Najua wengi wenu mnafuga paka na kuku, mimi nimejikuta na fereti. Kwa asiyemjua ni kamnyama karefu kembamba, ukikaona mbio mbio utasema nguchiro, huku Uingereza wanafugwa ndani na wengine wanawatumia kuwindia sungura toka enzi za mababu. Sikumtafuta jamani, jamaa niliyekuwa naishi naye nyumba moja hapa Bradford alimaliza chuo akarudi kwao akaniachia mnyama na tundu lake, nikasema nitampa mtu, leo mwaka wa pili analala kwenye mkono wa jaketi langu. Anaitwa Chausiku. Ana miaka miwili na nusu, gramu 790, nilimpima kwenye mizani ya unga.

Sasa huyu maisha yake yote kala punje kavu za dukani tu. Juzi nikasoma nyuma ya mfuko nikakuta kitu cha kwanza kutajwa ni mahindi, halafu ngano, nyama iko huko chini karibu na chumvi. Na choo chake kinanuka, nyie acheni tu, mgeni akija nafungua madirisha hata kama nje kuna barafu. Jirani yangu mzee wa hapa hapa Yorkshire kafuga hawa tangu akiwa mtoto, akanicheka, anasema wake wanakula sungura na manyoya yake. Zamani anasema watu walikuwa wanawapa mkate uliolowekwa kwenye maziwa na walikuwa wanakufa bado wadogo.

Basi Jumamosi nikaenda kwa bucha wa halali nikanunua kifua cha kuku, nikakata vipande vidogo vizuri, nikamwekea. Akanusa, akaniangalia, akarudi nyuma kama nimemwekea sabuni. Nikamwacha nikalala. Asubuhi kisahani cheupe! Nilivyofurahi nikampigia mama Tanga kumwambia mjukuu wako kala nyama, kumbe vipande vyote kavihamishia ndani ya kiatu changu cha kazini, nimekuja kujua kesho yake nikiwa kwenye basi na abiria wananigeukia.

Sasa nauliza: nimnyime punje siku mbili hivi njaa imfundishe? Na mifupa anapewa au atakwama? Kifua peke yake kinatosha?

mama_kware

Mdogo wangu USIMNYIME CHAKULA. Hiyo siku mbili yako inaweza kumuua. Fereti utumbo wake mfupi, chakula kinaingia na kutoka ndani ya masaa matatu manne, ndio maana anakula mara nane mara kumi kwa siku, akikaa tumbo tupu sukari inashuka kwenye damu na wengine wana matatizo ya kongosho wenyewe hamjui bado. Mtu akikwambia "akishikwa na njaa atakula" anaongelea mbwa.

Halafu elewa kitu kimoja, wala hakuringii. Hawa wanajifunza chakula kwa pua, miezi ile sita ya kwanza. Alichokinusa utotoni ndicho anachokijua kuwa chakula, kingine chote kwake ni kitu tu. Chausiku hajui kama kuku ni chakula. Ila kukificha kwenye kiatu ni dalili nzuri, angekiona takataka asingekibeba.

Mimi niko Rotterdam, nimehamisha watatu. Wa kwanza siku nne tu, alipewa moyo wa kuku akautafuna kama kazaliwa nao. Dada yake wiki saba, na nililia. Nilichofanya ni hiki, anza na punje zile zile anazozijua, mwagia maji ya moto ziwe uji, apewe hivyo siku kadhaa mpaka azoee kitu laini. Huku pembeni tengeneza supu, paja la kuku bila mfupa na mioyo ya kuku na kipande kidogo sana cha maini, saga kwenye blenda na maji ya vuguvugu iwe nzito kama uji wa mtoto. Kijiko kimoja cha supu ndani ya uji wa punje. Akila bila kugoma ongeza kesho, akigoma rudi nyuma. Na ipashe kwa kuweka bakuli ndani ya maji ya moto, usiweke maikrowevu itaiva. Ya baridi kutoka friji haina harufu na asiponusa hali.

Huyo wa wiki saba nilikuwa nakaa naye chini bafuni, nimemshika ngozi ya shingo kwa nyuma taratibu kama mama yake anavyombeba, namgusisha supu kwenye mdomo wa juu na kidole. Kidogo tu, usimlazimishe kumeza. Ananiangalia kwa chuki, anapiga chafya, supu yote kwenye miwani yangu. Halafu ulimi unatoka analamba pua. Anasimama anafikiria. Analamba tena. Siku ya kumi na mbili akakifuata kidole mwenyewe akaniuma kabisa, nikajua tumefika.

Kifua peke yake hapana. Nyama bila mfupa haina kalsiamu, utampata mnyama miguu inalegea. Akishazoea supu unaanza vipande, halafu ncha za mabawa, shingo, mbavu za kuku, zote MBICHI. Mfupa uliopikwa unapasuka vichane vichane unachoma utumbo, mbichi unatafunika vizuri. Kwa kukadiria nyama iwe nyingi kabisa kama asilimia 80, mfupa 10, maini 5 na viungo vingine kama figo au wengu 5. Moyo na firigisi hesabu kama nyama, na moyo usikose, una taurini ambayo hawa wasipoipata moyo wao wenyewe unaharibika. Maini usizidishe kwa kuwa ni bei rahisi, vitamini A ikijaa inageuka sumu.

Wangu mmoja ana gramu 800 na anakula gramu 50 mpaka 60 kwa siku, ukigawanya mara nne.

Mzaramo_Halisi

Yaani mnyama anakula moyo, firigisi, figo na mabawa, mara nne kwa siku, anapashiwa na chakula. Mimi niko Mbagala hapa nakula ugali na dagaa. Huyo Chausiku ana nafasi ya mdogo wake? Natembea na mkono wa jaketi wangu mwenyewe

daktari_wa_ngombe

Nimecheka, ila niingie kidogo. Mimi ni daktari wa mifugo, nimesoma SUA, chuo kikuu cha kilimo cha Sokoine kule Morogoro, ng'ombe ndio kazi yangu ila miaka niliyofanya kazi kliniki Ulaya nimewaona hawa wengi. Mama kware kaeleza vizuri na kuhusu njaa nakubaliana naye mia kwa mia. Nitasema ambayo wapenzi wa nyama mbichi huwa wanayapita haraka.

Salmonela, bakteria wa kuharisha, haifi kwenye friza, inalala tu. Fereti anaweza kuila asiumwe, wewe ukashika bakuli ukaumwa, mtoto wako ndio zaidi. Kwa hiyo ubao wake, kisu chake, na nyama ikikaa nje masaa mawili matatu toa. Na kwa huyu anayehamisha mizigo, pita kila siku kwenye makochi na viatu, hayo maficho ndio hatari kuliko bakuli.

Pili, mafua ya ndege. Desemba 2024 kule Oregon Marekani paka wa ndani asiyetoka nje alikufa kwa H5N1 aliyoipata kwenye chakula kibichi cha bata mzinga kilichogandishwa. Fereti na mafua ni ndugu kabisa, virusi vya mafua ya binadamu vilitambuliwa mwaka 1933 kule London kwa kutumia hao hao fereti, na mmoja wa watafiti alipigiwa chafya usoni na fereti akaugua. Kwa hiyo MtotoWaTanga ukiwa na mafua usimlaze kwenye jaketi. Na kuku nunua wa kuliwa na watu, wenye kupimwa, usiokote okote ndege waliokufa.

Nguruwe mbichi najua wewe hununui, nawaambia wengine wanaosoma, kuna nchi bado ana virusi vya Aujeszky na fereti akivipata haponi. Samaki wabichi pia sio wa kila siku, baadhi wanaharibu vitamini B1.

Na kabla ya yote mpeleke apimwe sukari. Miaka mitatu kwenda juu uvimbe wa kongosho ni ugonjwa wa kawaida sana kwao. Ukimwona anakodoa macho ukutani kama kasahau jambo, mate yanatoka, anajikwangua mdomo, miguu ya nyuma inaburuta, hiyo sukari imeshuka. Paka asali kidogo kwenye fizi kama anajitambua, mpe chakula, kimbia kliniki. Watu wanasema punje zenye wanga ndio zinaleta uvimbe huo. Inawezekana lakini haijathibitika, kwa hiyo usiende ukidhani nyama mbichi ni kinga.

Eldy_wa_Calgary

Dokta heshima yako lakini mnamtisha kijana. Ninao wanne, miaka sita sasa, mbichi tupu, na bili ya kliniki naona chanjo tu. Manyoya yanateleza kama hariri na choo ni kidogo, kikavu, harufu nusu ya ile ya punje. Huo ndio ukweli.

Mimi supu sikupika hata siku moja. Nilinunua panya na vifaranga vya siku moja vilivyogandishwa, wanauzia watu wenye nyoka na mwewe. Unayeyusha unampa mzima. Kuna mfupa, ini, moyo, kila kitu kiko kwenye vipimo vyake hupigi hesabu za asilimia. Shida ni nyumbani, mke wangu alifungua friza kutafuta maandazi akakutana na vifaranga thelathini wanamwangalia. Sasa nina friza yangu gereji.

Na usichanganye punje na nyama mlo mmoja, zinasagika kwa kasi tofauti zinachacha tumboni.

mama_kware

Eldy hiyo ya kuchacha kila mtu anaisema na sijaona wangu hata mmoja akichacha, sasa utamhamisha vipi asiyejua nyama kama huchanganyi? Na vifaranga peke yao kila siku ni vitoto vya kuku tu mwanangu, badilisha badilisha. Aina tatu za nyama angalau.

daktari_wa_ngombe

Kuchanganya kipindi cha kuhama hakuna neno. Panya mzima ni chakula kizuri kweli, hapo Eldy nakuunga mkono. Lakini miaka sita bila kuumwa kwa wanne ni bahati yako njema, usimpe mwenzio kama dhamana.

MtotoWaTanga

Asanteni sana wakubwa zangu, dada mama kware Mungu akuzidishie. Nimempeleka kapimwa sukari iko sawa, daktari wa hapa akaniangalia mara mbili nilivyosema mbichi lakini akanipa ushauri huo huo wa mfupa na maini. Leo siku ya tisa. Uji wa punje anakula, supu nimefika vijiko vitatu. Ila jana choo kimetoka kijani na utelezi, nimeogopa nikataka kuacha kila kitu. Anacheza vizuri tu, kaniibia soksi.

mama_kware

Kijani kidogo kipindi hiki ni kawaida, chakula kimebadilika na kimepita haraka. Usiongeze supu siku mbili tatu, kaa hapo hapo. Baadae kikitoka cheupe kama chaki mfupa umezidi, kikiwa cheusi cheusi cha kuendesha umepitiliza maini.

daktari_wa_ngombe

Kijani siku mbili na anacheza, sawa subiri. Kijani na hataki kula au kalala tu, usisubiri jioni. Cheusi kinachonata kama lami hiyo ni damu, hapo maini sio kisingizio. Na mpime kila asubuhi, akipungua zaidi ya asilimia 10 rudisha punje uanze upya.

MtotoWaTanga

Wakuu nimerudi, wiki ya tano. Gramu 810!! Punje hatumii tena tangu Jumatatu. Mambo yalivyokuwa, nilikuwa nakata mioyo ya kuku jikoni kwa ajili ya blenda, mmoja ukaniponyoka ukaanguka chini, kabla sijainama kashautia mdomoni, nikajua unaenda kwenye kiatu. Akaingia nao chini ya kochi. Nikalala kifudifudi na tochi ya simu, namwona kaushika kwa miguu ya mbele kafumba macho anatafuna upande upande, kru kru. Sikumsumbua. Toka siku hiyo supu anaiangalia kama chakula cha wagonjwa.

Ncha ya bawa bado anailamba tu anaiacha, naigonga kwa nyundo kidogo nione. Viatu viko juu ya kabati.

Swali la mwisho, yule mzee jirani kafurahi kaniletea paja la sungura wa porini, yeye huwa anawinda. Nimpe?

daktari_wa_ngombe

Muulize kamuua na nini. Kama ni bunduki ya marisasi madogo madogo usimpe, vipande vya risasi vinabaki ndani ya nyama na hiyo ni sumu. Kama kamnasa kwa wavu, ligandishe wiki tatu hivi kupunguza minyoo, halafu mpe.

MtotoWaTanga

Nimemuuliza sasa hivi dirishani. Kwa wavu, na aliyemtoa sungura shimoni ni fereti wake. Kaniuliza kama na Chausiku anataka kazi.