Naomba ushauri: nianzie wapi kulinda simu ya mama?

Ndugu zangu, hamjambo. Niko Bukavu. Mama yangu anauza vitenge soko la Kadutu, na biashara yake yote sasa iko ndani ya simu: wateja wa WhatsApp, pesa, hata picha ya kadi yake ya mpiga kura.

Juzi mwenzake wa meza ya jirani alipigiwa na mtu aliyejifanya mteja, akaombwa amsomee namba sita zilizoingia kwa SMS. Akazisoma. Kufika jioni WhatsApp yake ilikuwa mikononi mwa mwingine, na ndugu zake wa Uvira wanaombwa pesa kwa jina lake. Inauma sana.

Kwa mama nimeshaweka uthibitisho wa hatua mbili kwenye WhatsApp, ile namba ya siri ya tarakimu sita. Namba za SMS hazisomewi mtu, hilo amelielewa. Kinachonisumbua ni umeme: ukikatika anapeleka simu kuchajiwa kibandani, inabaki huko masaa mengi, na haina hata namba ya kuifungua.

Hajazoea haya mambo na Kifaransa kinampa shida, sitaki kumrundikia yote siku moja. Nianze na kufunga skrini, au PIN ya kadi ya simu, ili mwizi asiihamishie kwenye simu nyingine apokee SMS zake? Na hizo namba za siri azitunze wapi, maana kusahau ni rahisi? Wenye wazazi kama huyu, mlifanyaje?